Rudi Jumamosi

Nianze na ubaya wake, maana wema wake kila mtu anausema. Mwalimu alikuwa mchoyo. Si wa chakula, hapana. Kwake ungekula mpaka ulegeze kanga kiunoni. Uchoyo wake ulikuwa kwenye kufundisha. Atakuonyesha samaki wa kwao anavyopikwa hatua kwa hatua: kitunguu kinavyokatwa pete, karoti inavyochongwa nyembamba kama njiti, pilipili mbuzi inavyotolewa mbegu kwa ncha ya kisu. Unaandika yote kwenye daftari, unashuka mlima umefurahi. Ukipika kwako, hakitoki. Kinatoka chakula, ndiyo, lakini si kile. Ukimpandia kulalamika, anakutazama kwa upole kabisa, anasema, "Pole sana. Rudi Jumamosi, tutaona umekosea wapi."

Nimerudi Jumamosi kwa miaka sita mimi. Nimepanda yale mawe ya mlima wa Isamilo, hapa Mwanza, kwa mvua na kwa jua, na mara moja nikiwa na malaria, natafuta nilipokosea.

Sitaeleza alizaliwa mtaa gani na kwa nani, maana mwenyewe hakupenda kuulizwa. Inatosha kujua kwamba alitoka Jamaika, kile kisiwa cha mbali huko, na kwamba alikutana na mume wake Ulaya walipokuwa wote wanafunzi. Yeye alikuwa dukani anatafuta muhogo. Kijana wa Kikerewe kutoka Nansio, kisiwani Ukerewe, naye alikuwa dukani humohumo anatafuta muhogo. Ulikuwepo mmoja tu, umekauka, wakaugawana. Mwalimu alikuwa anasema alifika Mwanza akijua neno moja la Kiswahili, nalo ni hilo la muhogo. Mengine aliokota sokoni na shuleni alikofundisha sayansikimu, na kufikia miaka ya tisini nilipomjua, alikuwa anaongea Kiswahili safi kuliko mimi. Akikasirika tu ndipo kilikuja kile Kiingereza chao cha kwao, kinaenda mbio, na hakuna aliyekuwa anakielewa isipokuwa mume wake.

Mimi ni mama wa mapacha, mtu wa Sengerema. Nina kibanda cha chakula pale kwenye kivuko cha Kamanga, upande wa mjini. Yeye aliniita Mama Kulwa. Nilimkuta kwenye ukumbi wa kanisa, akifundisha akina mama upishi kila Jumamosi bila malipo. Tulikuwa kumi na mbili siku ya kwanza. Nilikwenda kwa umbea, niseme kweli. Nilisikia kuna mama wa kigeni anayepika wali na maharage chungu kimoja, nikataka kuona.

Akapika kweli. Alikuna nazi zilizokuja na treni kutoka pwani, akachemsha maharage mekundu kwenye tui, akatia mchele mlemle, majani ya kitunguu, na pilipili mbuzi moja nzima juu, haijakatwa. Mimi nina mdomo, nikasema kwa sauti, "Jamani, si makande haya? Makande ya mchele!" Ukumbi mzima ukacheka. Yeye hakucheka. Alininyooshea mwiko akasema, "Mama wa makande, njoo utoe hiyo pilipili. Ikipasuka, wewe ndiye utakayekula chungu chote." Niliitoa kwa ncha za vidole. Haikupasuka. Nilipoonja ule wali nilinyamaza, na kwa mtu kama mimi kunyamaza ni tukio.

Alikuwa mkali wa vipimo. Ukichota unga kwa kijiko na kuacha umejaa juu, anapitisha mgongo wa kisu, unga unarudi kwenye bakuli. "Kijiko hakina kilima," anasema. Alisema hivyo kila Jumamosi, mpaka mapacha wangu nyumbani wakawa wananiambia nikiwapakulia, "Mama, kijiko hakina kilima," nami nawaambia wakamwambie Mwalimu awapakulie yeye. Pale ukumbini alitupa kila kitu. Hilo nalisema mapema kwa sababu lina maana yake. Kwenye daftari langu la wakati ule, wali upo mzima, hauna pengo.

Vijana walimsumbua sana. Wakati huo nchi imefunguliwa, kanda za rege zimejaa sokoni, na kila kijana aliyefuga nywele alidhani Jamaika ni kwao. Wakimwona kule mjini Nyamagana na kikapu chake wanampigia saluti, "Mama! Heshima!" wengine wanamwinamia kabisa. Na yeye alikuwa mtu wa kanisa, sketi chini ya magoti, wimbo wa asubuhi na wimbo wa jioni. Anasimama, anawatazama nywele, anawauliza, "Mama yako anajua?" Mmoja aliwahi kumjibu kwamba mama yake yuko Magu. "Basi nenda Magu ukanyolewe," akamwambia, akaendelea na safari yake ya kununua nyanya.

Lakini mtu huyohuyo niliwahi kumkuta nyumbani kwake anasikiliza muziki wa kwao kwenye kaseti, kiuno kinakwenda, mwiko mkononi. Aliponiona alizima. Nikamwambia asizime. Akasema, "Hukuona kitu." Nikasema sikuona kitu.

Mchicha ndio uliomfanya alie, wiki ya kwanza ya kufika nchini. Alikuwa ananieleza mara nyingi. Alidhani ameacha kila kitu, halafu akakuta mwanamke kaketi chini sokoni na fungu la majani yaleyale ambayo mama yake alikuwa akichuma uani kila asubuhi. Akachuchumaa palepale akalia. Yule muuza mchicha akadhani anataka kupunguziwa bei, akamwongeza fungu la pili. Walikuwa marafiki tangu siku hiyo.

Kwao mchicha huo hupikwa na samaki wa chumvi asubuhi. Hapa samaki wa chumvi wakati ule alikuwa kayabo, yaani sangara aliyepasuliwa, akatiwa chumvi na kuanikwa, na malori yalikuwa yanambeba kwenda Kongo. Viwanda vya minofu vilikuwa vimeanza kumeza sangara wote wabichi kwa ajili ya Ulaya, sisi tunaachiwa mapanki, kichwa na mifupa. Mwalimu alikuwa anapigania kayabo na wachuuzi wa Kongo kama mtoto wa mjini. Anarudi na kipande, anakiloweka, anamwaga maji, anakiloweka tena, anakichambua mwiba mmoja mmoja. "Ziwa ni lenu, samaki ni wenu, na mnakula mifupa," alikuwa anasema. "Hata kwetu iko hivyo. Kizuri hupanda meli."

Sasa nije kwenye nyumba, maana bila nyumba humwelewi.

Nyumba yao ilikuwa juu kabisa, imekaa katikati ya mawe makubwa, na njia ya kuifikia ni ngazi zilizochongwa kwenye mwamba. Nilizihesabu: sabini na moja. Kutoka barazani unaona ziwa lote, unaona meli ya Nansio inavyoondoka, unaona kivuko changu kinakwenda Sengerema na kurudi. Mtu mzima mwenye miguu yake alikuwa anapenda kukaa pale. Mume wake, tuliyemwita Mzee, alikuwa ofisa wa shirika la umma. Shirika likauzwa, watu wakapunguzwa, naye akiwemo. Miezi michache baadaye akaanguka bafuni. Kiharusi. Upande wa kulia ukafa wote, na ulimi ukabaki na maneno machache yanayotoka moja moja.

Ngazi sabini na moja. Kiti cha magurudumu hakishuki pale. Mzee hakushuka tena, na Mwalimu naye hakushuka tena, isipokuwa mbio za sokoni, nusu saa, huku jirani amekaa mlangoni. Maana Mzee alikuwa akikaa kidogo bila kumwona anaanza kulia, kilio cha mtu mzima, kinasikika mpaka bondeni. Na alikuwa hali. Hali chakula cha mtu yeyote isipokuwa alichopika Mwalimu, tena mpaka amlishe yeye mwenyewe. Shuleni Mwalimu akaacha kazi. Ukumbini akaacha darasa.

"Hamieni kwangu," akatuambia. "Jumamosi ileile, jiko ni langu." Tukapanda, wote kumi na mbili. Mwezi uliofuata tulikuwa wanane. Mke wa mchungaji akasema ngazi zinamuumiza magoti. Mwenzetu mmoja aliyefanya kazi benki akahamia Shinyanga. Tukawa wanne, wawili, mwisho nikabaki mimi. Na hapo ndipo mapishi yalipoanza kutoka na mapengo.

Kwa samaki wa siki nilihangaika miezi miwili. Hicho ni chakula kizuri: sato anakaangwa mkavu, halafu anamwagiwa siki yenye vitunguu, karoti, pilipili na iliki kidogo, anakaa mpaka kesho yake, analiwa baridi. Wateja wangu wa kivuko mwanzoni walinitukana, "Unatuuzia samaki wa jana?" lakini walipozoea walikuwa wanamwulizia. Tatizo wangu alikuwa anakuwa mkali tu, kitunguu kibichi kinakwaruza koo, wa Mwalimu analainika. Nikapanda Jumamosi kuuliza. Yeye akaanza kunieleza tena, labda siki nimezidisha, labda samaki alikuwa na maji. Mzee alikuwa kwenye kiti chake karibu na dirisha. Akafungua mdomo. Ilichukua muda mpaka neno litoke.

"Moto," akasema.

"Nini, Baba?" Mwalimu akamuuliza.

"Siki. Moto."

Na akacheka, kwa ule upande mmoja wa uso uliobaki. Mwalimu akamfuta mdomo haraka, kama vile mate yamemtoka, wala hayakuwa yamemtoka. "Anasikia joto," akaniambia, akafungua dirisha.

Nikashuka. Nikachemsha siki pamoja na vitunguu vyake, nikammwagia samaki ikiwa ya moto. Ametoka! Yuleyule! Nilikaa pale kibandani nimeshika sahani, furaha na hasira zimenipanda pamoja. Nikarudi kwenye daftari la zamani, nikalinganisha na la Jumamosi za nyumbani. Kila pishi jipya lilikuwa na pengo moja. Kuku wa moshi hakuandikiwa kuni. Vitumbua vyao vya samaki havikuandikiwa maji baridi. Huyu mama alikuwa ananichezea.

Sikusubiri Jumamosi. Nilipanda Jumanne, jasho linanitoka.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba, Mama Kulwa. Leo si Jumamosi. Kuna usalama?"

"Upo. Samaki ametoka. Nimechemsha siki."

Akaweka chini kisu alichokuwa ameshika.

"Mzee kanisaidia," nikasema. "Sasa nataka kujua nimekukosea nini. Nakuja hapa kila wiki, naacha biashara yangu, na wewe unanificha. Kama hutaki nijue si useme? Mchoyo mkubwa wewe!"

Ndiyo, nilimwita hivyo kwa mdomo wangu, mtu wa kumwamkia shikamoo. Hakukasirika. Alitazama mlango wa chumbani kwanza kuhakikisha Mzee amelala, ndipo akaniambia polepole.

"Mke wa mchungaji nilimpa wali mzima, mchicha mzima. Yule wa benki nilimpa yote aliyotaka. Walishukuru sana, wakasema watakuja kunisalimu. Umewaona hapa?"

Nikavuta kigoda, nikaketi.

"Nikikupa yote leo, Jumamosi utakuja kufanya nini?"

"Nitakuja kukuona," nikasema.

"Wote walisema hivyo," akasema. Akachukua kisu, akaendelea kumenya muhogo. Nikamsaidia kumenya. Sikuuliza pengo lingine hata moja tangu siku hiyo. Nilikuwa napika yanaharibika, napanda, naambiwa rudi Jumamosi, narudi. Wateja wangu ndio waliopata tabu.

Ulikuwepo mkate mmoja wa muhogo ambao ulinishinda kuliko vyote. Ndio aliokuwa anampikia Mzee kila siku ya Mungu, na muhogo ndio uliowakutanisha kule dukani. Muhogo mbichi unakunwa, unakamuliwa kwenye kitambaa mpaka maji yote yatoke, unatiwa chumvi, unagandamizwa kwenye kikaango kikavu ukawa kama chapati nene. Mashemeji zake wa Ukerewe waliwahi kumcheka, kwamba muhogo hauvundikwi, hauanikwi, unaliwaje? Walipoonja waliacha kucheka. Wa Mwalimu ulikuwa laini ndani, una utamu fulani. Wangu ulikuwa soli ya kiatu. Mapacha wangu walikataa hata kuurushia mbwa.

Halafu ikaja barua ya dada yake kutoka Jamaika.

Mama yao alikuwa amezeeka sana, na alikuwa ameanza kuamka asubuhi anamwita Mwalimu, anauliza kama amesharudi kutoka shuleni. Dada na kanisa la kwao wamenunua tiketi. Aje miezi miwili tu, amwone mama yake, arudi. Mwalimu alinisomea barua ile mara tatu. Hakuwahi kurudi kwao tangu alipoolewa. Zamani pasipoti ilikuwa shida, fedha za kigeni shida, ndege yenyewe shida. Sasa kila kitu kilikuwa kimefunguliwa, watu wanakwenda Dubai kununua redio na kurudi, pasipoti mpya iko kwenye droo yake, na yeye ndiye hatoki.

Akapanga. Mtoto wa kaka yake Mzee, mvuvi wa Nansio, akakubali kumleta mke wake akae na Mzee miezi hiyo miwili. Binti mzuri, ana adabu, mikono myepesi. Mwalimu akamfundisha kila kitu wiki mbili mfululizo. Kila kitu! Mimi nimekaa pale kwenye kigoda nasikia mtu wa juzi anapewa mapishi bila pengo. Ila mkate wa muhogo alikuwa anaufundisha alfajiri, kabla sijafika. Nikaona wivu, msinicheke. Sanduku likafungwa, likawekwa karibu na mlango, la kijani, lina mkanda.

Kabla ya safari akasema tujaribu. Yeye atakaa jikoni, binti ampelekee Mzee chakula na kumlisha, tuone. Nilikuwepo. Binti akapakua vizuri, akajifunika kanga kichwani mpaka machoni, akaenda. Alipofika mlangoni pa chumba akapiga magoti. Akasukuma sahani ndani kwa mkono, akageuza uso, akarudi kinyumenyume. Mzee naye alikuwa amegeukia ukutani.

"Ingia!" Mwalimu akamwambia. "Mlishe!"

Binti akabaki amepiga magoti, machozi yanamtoka. Siku hiyo Mzee hakula. Kesho yake hakula. Siku ya tatu nikapanda tena, Mwalimu akampigia binti kelele kwa kile Kiingereza chake, halafu akaja jikoni akaniambia kwa Kiswahili, "Ni kijiko tu, Mama Kulwa! Kijiko! Kwa nini hawezi kuingiza kijiko mdomoni mwa mgonjwa?"

"Mwalimu," nikasema, "huyo ni mkwe wake."

"Ni mke wa mtoto wa kaka yake."

"Ndiyo mkwe huyo. Mtoto wa kaka yake ni mtoto wake. Mkwe hamtazami baba mkwe mdomoni. Hata kwetu Sengerema hivyohivyo. Hawezi kumlisha, na yeye hawezi kupanua mdomo mbele yake. Bora afe."

Alikaa chini. "Baba mkwe wangu alikufa kabla sijafika nchi hii," akasema. "Hakuna aliyeniambia." Miaka yote ile kwenye ukoo ule, anajua muhogo wao, anajua nyimbo zao za kanisani, na hilo moja lilimpita kwa sababu halikuwahi kumgusa.

Sasa nieleze langu. Nimekuwa nalizunguka tangu nianze.

Miezi miwili kabla ya hapo, Jumamosi moja, Mwalimu alikwenda nyuma ya nyumba kugombana na bomba la maji. Uji wa Mzee ulikuwa unapoa. Nikachukua kijiko, nikamsogelea, nikamwambia, "Mzee, kula basi, mimi nina wateja wananisubiri." Akanitazama. Akapanua mdomo. Akala kikombe kizima, mpaka tone la mwisho. Hakuweza kusema Mama Kulwa, alikuwa ananiita Kamanga, kwa ajili ya kivuko. "Kamanga," akasema, akapiga mkono wa kushoto kwenye kiti. Mimi si mkwe wake, ni mtu baki. Hakukuwa na mwiko wowote kati yangu na yeye. Na hicho kilikuwa chakula cha Mwalimu, kilichokosekana ni mkono tu, na mkono ulikuwa huu.

Nilijua hilo nilipokuwa nimekaa jikoni siku ile ya tatu. Mwalimu akasema, bila kunitazama, "Kama angekuwepo mtu mmoja tu ambaye si mkwe."

Nikatazama birika. Lilikuwa la bati, limeungua upande mmoja. Nilikuwa nawaza kibanda changu. Wakati ule kila mtu alikuwa anafungua biashara, pale kivukoni ukikosa siku mbili unakuta benchi la mwenzako limekaa palipokuwa na jiko lako. Miezi miwili! Mapacha wangu walikuwa darasa la tano, baba yao alishaondoka zamani. Nilikuwa na sababu, na zote zilikuwa za kweli. Lakini sikusema hata moja. Ningeweza kusema nitakuja asubuhi na jioni, tungepanga, tungeona. Nilinyamaza mpaka maji yakachemka, nikasema, "Maji yamechemka, Mwalimu."

Binti akarudishwa Nansio kwa meli. Sanduku la kijani likafunguliwa, nguo zikarudi kabatini. Kabla mwezi haujaisha ikaja simu ya maandishi posta kwamba mama yake amefariki. Nilipanda na wenzangu wa kanisani kumpa pole. Tulimkuta anakuna muhogo. Alikuna bakuli la kwanza likajaa, akachukua la pili, akakuna mpaka vidole vikatoka damu, na muhogo wote ule hapakuwa na mtu wa kuula. Tulimnyang'anya mbuzi ya kukunia. Chumbani Mzee alikuwa analia, na safari hii Mwalimu hakwenda kumbembeleza.

Mzee aliishi miaka miwili zaidi. Nilikuwa napanda, lakini siyo kila Jumamosi tena. Nilikuwa na visingizio. Alipokufa walimshusha ngazi zile sabini na moja vijana wanane kwa zamu, akapelekwa kuzikwa Nansio. Mwalimu alikaa matanga yote huko, akarudi peke yake. Na mimi nilikaa miezi minne bila kukanyaga kule juu. Aibu tu. Natokea kibandani, naiona baraza yake, naiona na nguo imeanikwa, nageuza uso kwenye sufuria.

Mwisho nikapanda. Ilikuwa Jumamosi, saa nne asubuhi. Nywele zake zilikuwa nyeupe zote, hakuzifunga. Nilimwamkia, akaitikia, akaniwekea kigoda kilekile. Nilikuwa nimejiandaa maneno mazuri, yote yakapotea.

"Mwalimu, alikula mkononi mwangu," nikasema. "Kabla ya binti yule kuja. Uji, kikombe kizima. Ningeweza kumlisha, ungekwenda kwenu. Nilinyamaza."

"Najua," akasema.

"Unajua?"

"Aliniambia siku ileile. 'Kamanga,' akasema, akanionyesha kijiko, akacheka."

"Sasa kwa nini hukuniomba?"

"Nilisubiri useme mwenyewe. Wewe ukawa unatazama birika." Alisugua vidole vyake. "Nilikuchukia, Mama Kulwa. Nisikudanganye. Niliapa usikanyage hapa. Halafu nikajiuliza, mimi nina mdomo, mbona siombi? Nikaona naogopa. Mama angenishika mkono asubuhi moja, na mimi nisingepanda tena ndege ya kurudi. Nilijijua. Na Mzee angekufa anatazama mlango. Kwa hiyo nikakuacha utazame birika lako."

"Nisamehe, Mwalimu."

"Nilishakusamehe. Ila nilikasirika sana, ujue."

Tukalia kidogo, kila mtu upande wake. Nikamuuliza kama sasa hatakwenda, kwani nani anamzuia. Akasema kwenda kwa nani? Dada yake naye amekufa, nyumba ya mama yao ina wapangaji. "Kule hakuna anayenijua. Hapa ananijua muuza mchicha, na wewe." Alisema hivyo akitazama ziwani, ambako meli ya Nansio ilikuwa inapiga honi.

Nilipoinuka kuondoka akasema, "Kaa. Toa daftari."

Nikatoa.

"Mkate wa muhogo. Ukishauoka pande zote mbili, hujamaliza. Unaulaza kwenye tui la nazi, tui zito, mpaka unywe vizuri. Halafu ndipo unaukaanga kwa mafuta kidogo." Akanisubiri niandike. "Kuku, ni kuni za mpera. Vile vitumbua, maji ya baridi kabisa." Akayataja yote, moja baada ya jingine, mapengo ya miaka sita. Alipomaliza akafunga daftari yeye mwenyewe na kunikabidhi kwa mikono miwili.

"Sasa unayo yote," akasema. "Huna haja tena ya kuupanda huu mlima. Magoti yako siyo yale."

Nikashuka. Kesho yake nikanunua muhogo na nazi. Nikakuna, nikakamua, nikaoka, nikalaza kwenye tui, nikakaanga. Ulitoka. Laini, mtamu, wenyewe kabisa! Mapacha walikula mpaka wakagombania kipande cha mwisho, na mimi nilijificha nyuma ya kibanda nikalia kwa kwikwi.

Ijumaa nikanunua muhogo mwingine. Nikakuna, nikakamua, nikaoka. Tui sikutia. Ukatoka mkavu, mgumu, ile soli yangu ya zamani. Jumamosi asubuhi nikaufunga kwenye kitambaa, nikamwachia Doto, pacha wa Kulwa, kibanda, nikapanda ngazi sabini na moja.

Alikuwa amekaa barazani, mikono mitupu mapajani.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Kuna nini tena?"

"Haukutoka," nikasema, nikafungua kitambaa.

Akauchukua. Akaugonga kwa kucha. Akaung'ata, meno yakagoma, akaung'ata tena kwa upande. Akatafuna muda mrefu sana, ananitazama usoni, na mimi namtazama usoni, hakuna aliyepepesa.

"Kweli," akasema. "Haukutoka kabisa. Umekosea mahali."

"Ndiyo nimekuja kuuliza, Mwalimu."

Akainuka kwa kushika ukuta, akaenda jikoni kuweka birika motoni. Kutoka kulekule nikamsikia anasema, "Lete mbuzi hiyo. Tuanze upya na muhogo, na tusipomaliza leo, utarudi Jumamosi."